Kifafa na Dawa za Miti: Somo kwa Wamama



Kama uko na mutoto wa kifafa, ule ugonjwa wa kuanguka, somo hili ni lako. Kama huna, lisome vilevile, ao mutoto wako wa shule akusomee, kwa maana pengine jirani yako anaye, na hajakuambia kwa sababu ya haya.

Watoto wengi wanaofika hapa kwa ugonjwa huu wamekwisha kunywa majani mbele ya kutuona. Hatushangai. Majani yako karibu, hopitali iko mbali. Munganga wa miti anakujua tangu utoto wako, anaketi na wewe, anasikiliza. Sisi tunakupa namba na benchi la kungojea. Basi hatuandiki somo hili kwa kukutukana, wala kwa kumutukana tate yako aliyekuonyesha majani ya kwanza. Tunataka ujue hatari iko wapi, kwa sababu mara nyingi haiko pale ambapo watu wanafikiri.

Sikia kwanza habari ya mama mmoja. Hatutaji jina lake wala kijiji chake.

Alikuwa na binti wa miaka 9. Binti huyo alipokuwa na miaka 6 alipata malaria kali, akalala siku mbili bila kujua watu. Alipona malaria, lakini kisha miezi fulani akaanza kuanguka: macho yanageuka, mwili unakaza, anatetemeka, anajikojolea. Hapa kwetu alipewa Gardenal, kinini moja kila magaribi. Miezi 7 ikapita bila kuanguka hata mara moja. Akarudi shule.

Halafu shangazi ya bwana yake akafika kutoka kijiji kingine. Akasema, «Mutoto huyu atameza kinini mupaka lini, sawa mukongwe? Kule kwetu kuko mutu anaponyesha ugonjwa huu kabisa.» Wakaenda. Munganga wa miti akapika mizizi ndani ya chungu, kikombe asubuhi, kikombe magaribi. Akaweka na sharti: dawa ya hopitali na dawa ya miti haziwezi kuketi ndani ya tumbo moja. Mama akaficha kinini ndani ya nyasi za paa.

Siku ya kwanza mutoto alikuwa muzima. Ya pili, ya tatu, ya ine, muzima tu. Tena akaonekana kuchangamuka, usingizi wa muchana ukapungua. Majirani wakaanza kuuliza munganga yule anatoza mbuzi ngapi. Siku ya sita, wakati jogoo wanawika, binti akaanguka. Mbele hajaamuka, akaanguka tena. Na tena. Wakamufunga juu ya kinga nyuma ya baba yake, wakamuleta hapa, na alifika angali anatetemeka.

Tulimuuliza mama, «Ulimupa dawa ingine?» Akasema hapana. «Kinini anameza?» Akasema ndiyo. Basi tukafikiri kinini imeshindwa, tukatafuta malaria, tukatafuta meninjite, na saa zikapita. Ni baba ndiye aliyetuambia neno la mizizi, tena kwa sauti ya chini, nje, karibu na muti wa maembe. Mutoto hakufa. Lakini mukono wake wa kuume umebaki zaifu, na herufi alizokuwa amekwisha kujifunza zimepotea karibu zote.

Kosa halikuwa la mama peke yake. Mwezi mmoja mbele, siku ya kiliniki, mumoja wetu aliona kamba na kifurushi kidogo kwa shingo ya mutoto huyo. Akacheka, akamusemesha mama kwa ukali mbele ya benchi yote. Mama akajifunza siku ile kwamba kuko maneno ambayo haionyeshwi hopitalini. Sisi ndio tuliomufundisha kuficha.

KWA NINI SIKU ZA KWANZA ZILIKUWA NZURI?

Hapa ndipo wamama wengi wanadanganyika, na hata wababa wenye kusoma sana. Tega sikio.

Gardenal (jina lake lingine ni fenobarbitali) ni dawa ya zamani. Ilianza kutumiwa kwa kifafa kule Ujerumani mwaka 1912. Bei yake ni ya chini kupita dawa nyingi za kifafa, na inamezwa mara moja tu kwa siku. Lakini iko na tabia yake: inaingia mwilini polepole na inatoka polepole. Fikiri mutungi wenye tundu dogo chini. Kila magaribi unaongeza kikombe kimoja cha maji, na tundu linatoa kidogo kidogo. Mutungi haujai kwa siku moja. Kwa Gardenal, inaomba majuma mawili ao matatu mbele dawa haijafika kipimo chake ndani ya damu.

Sasa ona. Mutoto anaanza kinini leo. Juma la kwanza anaanguka tena mara mbili. Nyumba yote inasema, «Kinini imeshindwa.» Wanamupeleka kwa majani, lakini mama, kwa woga, anaendelea kumupa kinini kwa siri. Juma la tatu mutungi umejaa, kuanguka kunakoma. Nani anapata sifa na kuku? Majani.

Upande mwingine ni ule ule. Ukiacha kuongeza maji, mutungi haukauki siku ile. Siku mbili, tatu, tano, dawa ingali ndani, na mutoto anaendelea vizuri. Tena usingizi ambao Gardenal inaleta unapungua, basi anaonekana kupona zaidi. Watu wanasema majani yameshika kazi mahali pa kinini. Si kweli. Ni maji ya mwisho ya mutungi.

Na maji yakiisha, ubongo uliokuwa umezoea kushikwa na dawa unaachiliwa mara moja. Hapo kuanguka hakurudii kama zamani tu. Kunaweza kuwa kukali kupita mwanzo, moja juu ya ingine, bila mugonjwa kuamuka katikati. Huo ni muhatara wa kifo, na ubongo unaweza kuharibika. Inatokea kwa mutu yeyote anayeacha Gardenal kwa ghafula: aliyekunywa majani, aliyekosa feza, aliyesafiri matanga na kusahau kifurushi nyumbani. Majani hayakuwa na sumu, pengine. Walikuwa maji matupu yenye uchungu. Lakini walifukuza kinini, na hiyo ilitosha.

MAJANI YENYEWE JE?

Hatusemi kama miti haina nguvu. Neno lenyewe «kinini», ambalo sisi wa Congo tunaita nalo kila dawa ya kumeza, lilitoka kwa dawa ya malaria, na dawa ile inatoka kwa ganda la muti wa kinkina. Mashamba ya kinkina yako kwetu Kivu tangu wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1820, kule Paris, wanaume wawili wenye elimu ya dawa walitenga kitu chenye nguvu ndani ya ganda lile, na tangu hapo iliwezekana kupima: kiasi hiki kwa mutu mukubwa, kiasi hiki kwa mutoto wa kilo 12. Mbele ya hapo watu walikunywa ganda, wengine wakapona, wengine wakapewa kidogo sana wakafa, wengine wakapewa kupita kiasi na masikio yao yakaziba.

Ndiyo shida ya chungu cha mizizi. Haiko kwa sababu ni cha kienyeji. Ni kwamba hakuna anayejua ndani ya kikombe mumeingia kiasi gani. Muzizi uliochimbwa wakati wa jua si sawa na ule wa mvua. Muti muchanga si sawa na muzee. Chungu kilichochemuka saa moja si sawa na kile kilichosahauliwa motoni mupaka usiku. Na kama muchumaji alikosea, akachuma muti mwingine unaofanana, mutoto ndiye atakayetuonyesha.

Tena kuko vitu ambavyo vyenyewe vinaleta kutetemeka. Kafuri ni kimoja. Mwaka 1934, kule Budapest, daktari mumoja alitumia kafuri kwa kusudi la kufanya wagonjwa wa akili watetemeke, akifikiri itawasaidia. Na walitetemeka kweli. Kafuri ile ile iko ndani ya mafuta mengi ya kupakaa ya visanduku vidogo tunayonunua sokoni kwa mafua na maumivu. Mutoto asilambe mafuta hayo, asipakwe ndani ya pua, usiyatie ndani ya chai. Mafuta ya kalitusi ni vilevile: kijiko kidogo kinachomezwa na mutoto kinaweza kumuangusha, hata asiyekuwa na kifafa. Na ule muti mufupi wa maua marefu sawa tarumbeta, wenye matunda ya miiba, ambao wengine wanaita datura, mbegu zake zinaleta wazimu wa siku moja ao mbili, macho yanapanuka, kinywa kinakauka, na wengine wanatetemeka mupaka kufa. Usikubali mutu amupe mutoto wako muti huo kwa jina la dawa yoyote.

Kule Nigeria, upande wa Ibadan, kulikuwa dawa moja yenye kujulikana sana kwa mutoto anayetetemeka: mukojo wa ngombe, ndani yake majani ya tumbako, kitunguu, kitunguu saumu, majani ya kunukia, maji ya ndimu na chumvi ya mawe. Kwa miaka ya 1970 madaktari wa kule walichunguza watoto waliofika hopitalini kisha kuinywa. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka, pumzi ilikuwa imepungua, wengine hawakuamuka tena. Wazazi walikuwa wameona mutoto ametulia, wakashukuru. Alikuwa ametulia kwa sumu ya tumbako. Na ubongo unaishi kwa sukari: sukari ikishuka sana, kutetemeka kunarudi. Tunataja Nigeria kwa sababu mambo yale yaliandikwa na kupimwa. Lakini tumbako iko hapa kwetu pia, na wako watu wanaoitia ndani ya dawa za watoto.

Jihazari zaidi na dawa iliyolowekwa ndani ya kanyanga ao lotoko. Pombe na Gardenal zote mbili zinalaza ubongo. Pamoja zinaweza kulaza hata pumzi.

Kuko pia unga wa miti ambao «unafanya kazi kweli». Kule India madaktari walipima dawa fulani za kifafa zilizouzwa kama majani matupu, wakakuta ndani yake fenobarbitali, yaani Gardenal ile ile. Muuzaji alikuwa anauza kinini yetu bila jina na bila kipimo. Unga ukiisha na muuzaji akihama, mutungi unakauka, na wewe haujui hata ni nini uliyoacha.

Neno moja dogo juu ya matunda, kwa sababu wengi hawalijui. Kama mutoto wako anameza Tegretol (karbamazepini), asile pamplemusi wala kunywa maji yake. Pamplemusi inazuia mwili kuvunja dawa hiyo, na dawa inapanda ndani ya damu: mutoto anayumba kama mulevi, anaona vitu viwili viwili, anatapika. Machungwa ya kawaida hayana ubaya. Kwa Gardenal hatukatazi matunda.

Na bangi? Wamama wawili watatu walituuliza kwa siri. Ni kweli kwamba kuko dawa iliyotolewa ndani ya muti ule, ikasafishwa na kupimwa, na Marekani iliikubali mwaka 2018 kwa aina fulani kali za kifafa cha watoto. Lakini ile haina kile kinacholevya, na inapimwa kwa mililita. Moshi wa bangi ao chai ya majani yake si dawa ile, na akili ya mutoto inaharibikia hapo.

NAMNA YA KUITIA DAWA

Mara nyingi ubaya hauko kwa jani. Uko kwa njia ambayo inapita.

Mutoto anayetetemeka hawezi kumeza. Ukimumwangia dawa kinywani wakati ule, dawa ya miti ao maji ao hata siropu yetu sisi, itapita njia ya pumzi na kuingia ndani ya mapafu. Tumeona watoto ambao kifafa hakikuwaua. Waliuawa na kikombe. Vilevile usimwagie maji ya kitunguu ao pilipili machoni: mutoto hataamuka kwa upesi, lakini jicho litachomeka. Petroli, usiipakae wala kuinywesha hata tone moja. Kumuinamisha juu ya moshi wa dawa karibu na moto, na yeye anaweza kuanguka saa yoyote, ni kumupeleka motoni. Makovu ya moto tunayoona kwa watoto wa kifafa ni mengi kupita yale ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu watu wengine wangali wanaogopa kumugusa mutoto aliyeanguka motoni, wakisema mate yake yanaambukiza. Mate hayaambukizi. Kifafa hakipiti kwa mate, wala kwa mukojo, wala kwa kula sahani moja. Mutoe motoni mbio!

Dawa za kutia nyuma, njia ya haja kubwa, wamama wetu wanazipenda sana, tena pamoja na pilipili. Utumbo wa mutoto unachomeka, anaharisha, maji ya mwili yanaisha. Na dawa za kutapisha na za kuharisha zinatoa kinini pia: ukimupa Gardenal magaribi na dawa ya kutapisha nusu saa nyuma, haukumupa kinini.

Kuchanja na wembe na kusugua unga mweusi ndani ya vidonda kunaweza kuleta pepopunda, na wembe mumoja kwa watoto watano unaweza kupitisha Sida na ugonjwa wa maini.

Na miiko ya chakula. Munganga anakataza mayai, maharagi, samaki, nyama, chumvi, mupaka mutoto anabaki na bugali na maji. Kifafa hakihitaji miiko hiyo. Mutoto aliyekonda anashindwa na malaria, na homa ya malaria inaamusha kifafa. Mwiko mumoja tu ambao sisi tunauunga mukono ni ule wa nyama ya nguruwe isiyoiva, kwa sababu minyoo ya nguruwe inaweza kufika ndani ya ubongo na kuanzisha kifafa. Na mayai ya minyoo hiyo yanapita kwa mavi ya mutu, basi choo na kunawa mikono vinahesabika zaidi kuliko mwiko wenyewe. Wale wanaokaa kwa mito yenye maji ya mbio, kama Ituri na Uele, wameze Mectizan kila inapoletwa, kwa maana kifafa kiko kingi pale ambapo ugonjwa wa upofu wa mito uko mwingi.

MUTOTO ANAPOANGUKA

Mutoe karibu na moto, maji na mawe. Weka kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa. Legeza nguo shingoni. Kutetemeka kukipungua, mulaze kwa ubavu ili mate yatoke nje. Usitie kijiko wala kidole ndani ya meno, ulimi haumezwi. Usimushike kwa nguvu. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Kama umefika 300 na angali anatetemeka, ao akianguka tena mbele ya kuamuka, usingojee dawa ya mutu yeyote. Mulete, usiku ao muchana.

MAULIZO AMBAYO WAMAMA WANATUULIZA

«Naweza kumupa kinini pamoja na majani?» Jibu letu: kinini haikatwi hata siku moja. Kwa majani ya kunywa, tunaomba uache, hasa yale usiyoyajua jina. Chai ya kawaida ambayo nyumba yote inakunywa, na viungo vya mboga, hatuna ugomvi navyo. Kama umekwisha kumupa majani, sema. Tutakuuliza majani gani na ngapi, basi.

«Mama mukwe hataki kinini.» Muje naye. Tunasema hivyo kwa kweli. Muko wawili, tutawaketisha wote na kumuelezea habari ya mutungi. Mama mukwe mumoja aliyeelewa anamulinda mutoto kupita infirmiye watatu, kwa sababu yeye yuko nyumbani kila magaribi. Na kama jamaa wanataka kumupeleka mutoto kwa munganga wa miti hata hivyo, kuko neno moja la kumuuliza munganga yule mbele ya watu: «Unakubali mutoto aendelee na kinini?» Wengine wanakubali. Wako hata wale wanaotuletea wagonjwa wao wenyewe. Kamba ya mukono, kuosha mwili na maji ya majani, maneno anayosema juu ya mutoto, hivyo havikati kinini. Kile kinachoingia kinywani, machoni, nyuma ao ndani ya damu ndicho tunachokataza. Na munganga anayesema «chagua mimi ao kinini», mwachie kuku wake urudi nyumbani.

«Tangu ameanza Gardenal analala sana.» Ndiyo, majuma ya kwanza inatokea; mara nyingi inapungua. Watoto wengine wanakuwa wenye kelele na kukosa utulivu. Njoo tupime tena, tunaweza kupunguza ao kubadilisha. Lakini akitoka vipele mwili wote, ao vidonda kinywani, pamoja na homa, njoo siku ile ile.

«Jirani yangu alikunywa majani na amepona kabisa.» Inawezekana amepona. Kuko vifafa vya watoto vinavyokwisha vyenyewe pale mutoto anakomaa, na kuko watoto walioanguka mara moja ao mbili tu kwa sababu ya homa na hawakuwa na kifafa. Yule aliyekunywa majani wakati ule atasema ni majani. Yule aliyekunywa maji ya mutoni atasema ni maji.

«Mutoto hajaanguka mwaka muzima, niache?» Bado. Kwa kawaida tunangoja miaka 2 bila kuanguka, kisha daktari anapunguza kidogo kidogo kwa miezi. Si wewe, mama, wala si sisi infirmiye peke yetu. Kati ya watu 10 wenye kifafa, 7 wanaweza kuishi bila kuanguka kama wanapata dawa inayowafaa na wanaimeza sawasawa.

«Niko na mimba na mimi mwenyewe niko na kifafa.» Usiache dawa, na usikunywe majani ya kusafisha tumbo. Tuambie siku ya kwanza, utapewa pia asidi foliki. Kama dawa yako ni Depakine, umuone daktari mbele ya kushika mimba, kwa maana dawa hiyo inaweza kuharibu mutoto tumboni. Lakini hata hiyo usiiache peke yako. Na kama unatumia kinini ao kijiti cha kupanga uzazi, sema pia, kwa maana Gardenal na Tegretol zinavipunguza nguvu.

SIKU YA KILINIKI

Leta fishi ya mutoto na kifurushi cha kinini jinsi kilivyo, hata kama zimebaki nyingi kuliko hesabu. Kama alikunywa dawa ya miti, leta chupa yake, na tawi lenye majani na ua ao tunda kama unaweza kulipata, na utuambie kijiko ngapi na siku gani. Ukiona haya mbele ya benchi, sema tu «niko na neno la pembeni», na infirmiye atakuita ndani ya chumba cha kupimia. Tangu mambo ya yule binti tumekubaliana hapa: hakuna mutu atakayecheka, na hakuna mama atakayerudishwa bila dawa kwa sababu ya chupa aliyoonyesha.

Mama yule angali anakuja kila mwezi. Kamba iko kwa mukono wa binti, na kinini anameza mbele ya tate yake, kila magaribi, kisha kula.